Mtu mzima mwenye kazi anahitaji mchezo wa video unaojua kufika mwisho

LUBUMBASHI – Katika komini za Katuba, Kenya na Kamalondo, wakaaji wengi wangali wanafikiri kwamba michezo ya video ni mambo ya watoto wanaotoroka masomo. Lakini vijana waliojifunza kushika maneti miaka ya 1990 leo ni walimu, wauguzi, madereva na wachuuzi. Wana bibi ao bwana, wana watoto, wana kodi ya nyumba ya kulipa. Wengi hawajaacha kucheza. Kilichopungua ni muda.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa sekondari. Anarudi nyumbani jioni, anakula, anasahihisha madaftari, anasikiliza watoto. Ikiwa SNEL haijakata umeme, anabaki na dakika 40 hivi kabla ya kulala. Kwa mtu kama huyo, bei ya mchezo si franka tu. Bei kubwa ni masaa. Mchezo unaomla masaa bila kumpa kitu ni ghali hata kama aliupewa bure.

Mwendo mzuri wa mchezo si haraka, wala si ufupi peke yake. Ni kwamba kila baada ya dakika chache mchezaji anapata jambo jipya la kufanya ao kufikiri. Portal, iliyotolewa na Valve mwaka 2007, ni mfano mzuri. Chumba kimoja kinafundisha kanuni, chumba kinachofuata kinadai uitumie, kingine kinaigeuza. Kwa masaa matatu ao manne hivi mchezo umekwisha, na hakuna chumba ambacho ungetamani kiondolewe. Journey ya mwaka 2012 inamalizika kwa masaa mawili hivi, na watu wangali wanaizungumzia.

Hades ya mwaka 2020 ilitumia njia nyingine. Safari moja ya kutoka kuzimu inachukua nusu saa hivi. Ukiuawa, unarudi nyumbani kwa baba yako, watu wanakusemesha, hadithi inasonga mbele. Kwa hiyo hata aliyeshindwa analala akiwa amepata kitu. Mpira nao una faida hiyo: katika FIFA mchezaji anachagua mwenyewe kipindi kiwe cha dakika ngapi, na filimbi ya mwisho inalia. Tetris, iliyobuniwa Moscow mwaka 1984, haihitaji hata maelezo.

Kuna jambo moja ambalo watengenezaji wa mbali hawalifikirii sana, lakini huku linaamua kila kitu: kuhifadhi mchezo. Pale ambapo mchezo unahifadhi mara kwa mara, umeme ukikatika mtu anapoteza dakika tano. Pale ambapo sehemu ya kuhifadhi iko mbali, jioni nzima imepotea.

Wengine watasema mchezo mrefu ndio wenye faida, kwa sababu kwa pesa zilezile unacheza miezi. Hoja hiyo ina nguvu kwa kijana aliye likizo. Na ni kweli kwamba Red Dead Redemption 2 ya mwaka 2018 inadai masaa 50 hivi kwa hadithi kuu tu, na ni kazi kubwa. Lakini urefu wake umegawanywa kwa misheni, kila misheni ina mwanzo na mwisho. Urefu mbaya ni ule wa kujaza ramani ili mtu asiondoke. Assassin's Creed II, mchezo mzuri wa mwaka 2009, ilitawanya manyoya 100 ya kuokota mijini. Si lazima kuyaokota, lakini hakuna mzazi aliyelala vizuri zaidi kwa sababu aliyamaliza.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye simu. Mchezo ni wa bure, lakini unakuita kila siku uchukue zawadi, unamaliza mega, kisha unakuuzia masanduku ambayo hujui ndani yake mna nini. Ubelgiji ilisema mwaka 2018 kwamba masanduku ya namna hiyo ni mchezo wa bahati nasibu. Mchezo wa aina hii hauna mwisho kwa makusudi, kwa sababu mwisho wako ni hasara kwa mwenye kuuza.

Basi mtu mzima asione haya kucheza, bali achague. Kabla ya kutoa franka, aulize mambo matatu: je, nusu saa inatosha kupata kitu? Umeme ukikatika, nitapoteza nini? Na mchezo huu una mwisho? Anayejibiwa vizuri atacheza kwa furaha, na asubuhi atafika kazini macho yakiwa wazi.