Malunete ya batoto haiko anasa

Batoto wetu wengi wanaitwa wavivu ku masomo, kumbe hawaone ubao. Na siye wazazi tunasema: «Tungojee kwanza, malunete itaharibisha macho.» Tunajidanganya. Ku Malaysia walipima: batoto waliopewa malunete isiyofikia kipimo chao, macho yao yalizidi kuharibika mbio.

Malunete ya kawaida inamusaidia mtoto kuona mbali, lakini haizuie ugonjwa kuendelea. Kuko vioo vingine, vimetengenezwa kwa ajili ya batoto. Ku Hong Kong, batoto waliovivaa miaka 2, ugonjwa wao uliendelea karibu nusu tu ya ule wa wenzao. Kucheza inje mchana nako kunachelewesha ugonjwa kuanza.

Vioo hivyo ni bei kali, na mushahara wetu tunaujua. Lakini Kodi ya Kazi ya 2002 inaweka matunzo ya mufanyakazi na familia yake juu ya patroni. Basi, ma-delege, tukiketi na kompani, tudai waziwazi: batoto wapimwe macho kila mwaka, na malunete yenye munganga ameandika ilipwe.

Siye wazazi, tusingojee mukutano: tupeleke mtoto kwa munganga wa macho juma hii.