Mbwa Koko Ana Kwao

Uvumi wa kichaa cha mbwa ukitanda kijijini, amri huwa ni ileile: kila mwenye mbwa amfunge, mbwa atakayekutwa anazurura apigwe risasi au atupiwe nyama yenye sumu. Mizoga inabaki mitaroni, watoto wanaitazama wakienda shule. Huu ni ukatili, na ugonjwa hauzuii.

Mbwa tunaowaita koko vijijini wengi wana wenyewe. Huyu unayemwona jalalani mchana, usiku yuko kwenye zizi la mtu anabwekea fisi, na asubuhi anafuatana na watoto malishoni. Anazurura kwa sababu hashibi nyumbani. Ukimuua, mwenye zizi ataomba mwingine kwa jirani, na huyo atakuja hajachanjwa. Risasi nayo haichagui. Inamwangusha hata yule aliyechanjwa mwaka jana, ambaye ndiye kinga ya kijiji.

Shirika la Afya Duniani linashauri asilimia 70 ya mbwa wachanjwe, kwani hapo virusi hukosa pa kupita. Pemba walianza kampeni za chanjo mwaka 2010, na kufikia 2014 ugonjwa ulikuwa umekwisha. Ulipoingia tena 2016 walirudi kuchanja, ukatoweka tena 2018. Kisiwa kina bahari pande zote, ni kweli, na bara kazi ni ngumu zaidi. Lakini sindano ni ileile.

Tunaambiwa vijiji havina majokofu ya kuhifadhia chanjo. Utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa 2016 ulionesha kuwa aina mojawapo ya chanjo hii hubaki na nguvu hata ikikaa miezi 6 kwenye nyuzi joto 25, au miezi 3 kwenye nyuzi 30. Mkoani Mara wamejaribu kuihifadhi kijijini kwenye vyungu maalumu vinavyopoza bila umeme. Basi chanjo ipatikane kijijini mwaka mzima, isingoje gari la wilaya linalokuja siku moja na kuondoka. Na iwe bure: familia inayohesabu shilingi za unga haitalipia mbwa. Vitoto vya mbwa navyo viletwe, hata vikibebwa kwenye beseni. Vingi huachwa nyumbani kwa kudhaniwa bado vichanga, ilhali navyo huambukizwa.

Kuna pia mbwa aliyegongwa na bodaboda, anajikokota kando ya barabara huku watu wanampiga mawe. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008. Mwenyekiti wa kitongoji amwite afisa mifugo, na mawe yakome. Asishikwe kwa mikono mitupu, maana mwenye maumivu huuma hata anayemsaidia. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Dalili zikishaanza, tiba hakuna.

Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, halmashauri nyingi huchanja na kupiga picha. Tunazitaka zionyeshe pia bajeti: fedha za risasi na sumu zihamishiwe kwenye chanjo na mafuta ya pikipiki ya afisa mifugo, kuanzia mwaka huu wa fedha.