Figo Haingoji Sheria
Tarehe 1 Oktoba, 2024, Kenya iliiacha bima ya hospitali iliyoanzishwa mwaka 1966, ikaanza Bima ya Afya ya Jamii. Sheria ya mwaka 2023 imeunda hazina tatu, mojawapo ikiwa ya dharura na maradhi sugu. Hilo ni jambo jema. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba figo zikishindwa kazi, taka za mwili hujikusanya katika damu. Mgonjwa hana budi kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara mbili au tatu kwa juma. Akikosa kwa siku chache, aweza kufa. Kwa hiyo, wema wa bima hiyo usipimwe kwa wingi wa waliosajiliwa tu, bali kwa mgonjwa asiyekosa zamu hata moja.