Saa Mbili Ninazoziomba kwa Watu wa Gety

Kwa wazee wangu wa Walendu Bindi, mama zangu, kaka na dada, na ninyi vijana mliomaliza shule mkabaki Gety au mkaenda Bunia kutafuta riziki.

Zimenifikia kwa njia ya simu sauti za watu wengi, wengine wakiuliza kwa upole na wengine kwa ukali, kwa nini mtu aliyezoea kuitika wakati wowote sasa haitiki alfajiri, wakati ambao mkulima wa Gety, kabla hajashika jembe, humkumbuka jamaa yake aliye mbali. Na kwa kuwa siwezi kumjibu kila mmoja peke yake, wala sipendi jibu langu lipite kinywa hata kinywa likafika limekwisha badilika, nimeona heri niliandike hadharani. Ninasoma. Ninajitayarisha kwa mitihani ya leseni ya kuuza hisa na dhamana za fedha, na alfajiri yenu ndiyo usiku wangu, kwani Gety imeitangulia Iowa, jimbo la Marekani ninakoishi, kwa saa saba wakati wa kiangazi na kwa saa nane wakati wa baridi, hata jogoo wenu wa kwanza anapowika, huku ndipo watoto wamelala, vyombo vimeoshwa, na meza ya chakula imekuwa meza ya vitabu.

Najua wako watakaouliza tangu lini mtoto wa Gety akahusika na mambo ya hisa. Wazee, hisa zilituhusu sisi kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Dhahabu ilipogunduliwa Kilo mwaka 1903, na kampuni ya Kilo-Moto ilipoundwa mwaka 1926, walioshika sururu walikuwa watu wa Ituri, ilhali karatasi za umiliki zilishikwa Ubelgiji. Na leo mgodi wa Kibali, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2013 huko Haut-Uélé, unamilikiwa asilimia 45 na Barrick, asilimia 45 na AngloGold Ashanti, na asilimia 10 na SOKIMO ya serikali yetu, na hisa za kampuni hizo mbili kubwa huuzwa New York kila siku ya soko, ambako mtu mwenye akiba ndogo aweza kununua sehemu yake asijue Kibali iko upande gani wa dunia. Mimi nataka kuwa mmoja wa watu waliopewa idhini ya kumweleza mnunuzi huyo anachokinunua. Na wale wenye kumbukumbu ya Bindo Promotion ya Kinshasa, iliyowaahidi watu faida isiyo na kiasi, ikawalipa wa mwanzo kwa fedha za wa nyuma, kisha ikaanguka mwaka 1991 na kuwaacha maelfu wakililia akiba zao, hawahitaji kuelezwa na mimi kwa nini si haki kila mwenye ulimi mtamu aruhusiwe kupokea fedha za watu.

Wamarekani nao walijifunza kwa maumivu: baada ya soko lao kuporomoka mwaka 1929 wakatunga sheria ya mwaka 1933 na ile ya mwaka 1934, na mitihani ya leo, inayosimamiwa na chombo kiitwacho FINRA kilichoundwa mwaka 2007, ni matawi ya mti huo. Mlango wa kwanza ni mtihani uitwao SIE, ulioanza Oktoba 2018, ambao kila mtu aliyetimiza miaka 18 anaweza kuufanya bila kuwa na mwajiri: maswali 75 yenye alama kwa muda wa saa moja na dakika 45, na aliyepata 70 amefaulu. Kufaulu huko hakumpi mtu leseni, bali matokeo yake huhesabika kwa miaka minne, na ndani ya muda huo hana budi kupata kampuni itakayomdhamini kwa mtihani mzito zaidi, Series 7, wenye maswali 125 na saa tatu na dakika 45. Mitihani ya kuuza katika majimbo huja pamoja nao, nayo nitaiacha kwa leo.

Sasa nifikie jambo lenyewe, yaani wakati. Nimewaona watu wenye akili, waliosoma kuliko mimi, wakikigawa kitabu sawasawa, sura hii wiki hii na sura ile wiki ijayo, kana kwamba kila sura ina haki moja, wakasahau kwamba mtunga mtihani mwenyewe amekwisha kutangaza anapouweka uzito. Katika SIE, maswali 33 kati ya 75 ni juu ya aina za dhamana na hatari zake, ilhali mambo ya taratibu za wasimamizi yana maswali saba tu. Na katika Series 7, maswali 91 kati ya 125 yamo katika fungu moja, la kumpa mteja maelezo na ushauri na kuzitunza kumbukumbu zake. Kwa hiyo, tangu Jumatatu hata Alhamisi, saa mbili za usiku wangu mbichi nazipa lile fungu kubwa, na taratibu za wasimamizi nazisoma ndani ya basi niendapo ghalani kazini, kwa maana zinataka kukaririwa zaidi ya kufikiriwa. Ijumaa sisomi. Jumamosi hufanya mtihani wa majaribio mzima, kwa muda wake kamili, bila simu wala karatasi, kwa sababu katika chumba cha mtihani mtu huacha vitu vyake vyote nje akapewa ubao mdogo wa kufutika, kalamu yake, na kikokotoo.

Mnaweza kudhani saa mbili ni nyingi kwa ukurasa mmoja. Chukueni hatifungani, yaani hati ya deni ambalo serikali au kampuni imekopa kwa watu. Umenunua moja kwa dola 1,000, nayo inakulipa dola 50 kila mwaka. Kisha riba ikapanda, na hati mpya za thamani ileile zikawa zinalipa dola 60. Ukitaka kuiuza ya kwako, nani atakupa dola 1,000 zake ilhali kwa fedha hizohizo apata 60 pale jirani? Basi bei ya hati yako itashuka mpaka mnunuzi aone mapato yake yanalingana na ya hizo mpya. Nimeieleza kwa maneno machache, na kwa Kiswahili ni nyepesi. Lakini mtihani huuliza kwa Kiingereza, lugha yangu ya nne baada ya Kingiti, Kiswahili na Kifaransa, na aghalabu huuliza kinyumenyume, ni lipi kati ya haya si kweli, au yote ni sahihi isipokuwa lipi, hata msomaji aliyeijua hesabu vema akaanguka kwa neno moja dogo alilolipita kwa haraka. Ndiyo sababu kila kadirio la saa ninaloambiwa na wenyeji wa lugha hii nalikuza mara mbili, wala sioni haya.

Katika nyumba yetu saa tumezifanya likelemba, yaani mchango wa kupokezana kwa zamu. Mwaka jana zamu ilikuwa ya mama watoto, aliyekuwa akisomea cheti cha usaidizi wa uuguzi, nami nikaosha vyombo na kuwalaza watoto; mwaka huu zamu ni yangu. Matanga nayo nimeyatengea nafasi, kwa maana ratiba isiyo na nafasi ya matanga imetungwa kwa ajili ya mtu asiye na ukoo: katika kila mwezi wiki moja nimeiacha wazi, na kama hakuna msiba wala mgonjwa naijaza kwa marudio. Tarehe ya mtihani siichagui kwa pupa, kwani mtu akijiandikisha hupewa siku 120 za kuufanya, na akianguka hungoja siku 30, akianguka tena 30 nyingine, na baada ya anguko la tatu siku 180. Nitaifunga tarehe pale tu majaribio ya Jumamosi yatakapokuwa yamevuka 80 kwa majuma kadhaa mfululizo.

Na ninyi vijana mlioniandikia mkiuliza kama ni lazima mtu avuke bahari ndipo aifanye kazi hii, nasema si lazima. Kongo haina soko la hisa, lakini tangu mwaka 2022 imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Nairobi ina soko tangu mwaka 1954, Dar es Salaam tangu mwaka 1998, na Kampala, iliyo karibu nanyi kuliko Kinshasa, inalo la kwake. Mitihani ya huko ni mingine na sheria zake ni nyingine. Ila hatifungani ni ileile na hesabu yake ni ileile, na kwa kuwa mmesomeshwa kwa Kifaransa, saa zenu za mwanzo zipeni Kiingereza kabla hamjagusa kitabu chochote cha fedha.

Ombi langu basi ni hili. Tangu jogoo wa kwanza hata jua kuchomoza, siku nne, kuanzia Jumanne hata Ijumaa za kwenu, ambazo kwangu ni usiku wa Jumatatu hata Alhamisi, msinipigie kwa habari za ada ya shule, za mabati wala za kesi ya shamba. Hizo niandikieni, nami nitazisoma wakati wa mapumziko ya kazini. Ikiwa ni ugonjwa au kifo, pigeni mara mbili mfululizo, nami nitajua na kuitika papo hapo. Jumapili jioni, mkiwa mmetoka kanisani na kula, simu yangu iko wazi kwa kila mtu, na nitaanza na baba mkubwa kwa sababu yeye hulala mapema. Mwezi wa Novemba saa za huku zitarudishwa nyuma, kwa hiyo tangu hapo, katika asubuhi hizo nne, mningojee mpaka watoto wa huko wawe wameondoka kwenda shule.

Ni mimi ndugu yenu,
Des Moines, Iowa