Daftari la Mashine Nalo Likaguliwe

Mkulima wa Bungu, wilayani Kibiti, anapofikisha magunia yake ya korosho katika ghala la chama cha msingi, hutazama mambo mawili: mizani na kalamu ya karani. Anajua kwamba jasho la mwaka mzima laweza kupotea baina ya viwili hivyo. Ndiyo maana hudai stakabadhi. Karatasi ile ni nakala ya daftari iliyo nje ya mikono ya mwenye daftari, na nguvu yake yote imo humo.

Wakulima wa korosho hawajasahau Novemba 2018, Serikali iliponunua zao hilo kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Malipo yalitanguliwa na uhakiki wa kuwatenga wakulima halisi na walanguzi wa kangomba. Kumbukumbu zisizoaminika humchelewesha mwenye haki pamoja na mwizi.

Leo madaftari yanahamia katika kompyuta, na maofisini kunazungumzwa habari za mawakala wa akili unde, yaani programu zinazokabidhiwa kazi zikafungua majalada, zikaandika takwimu na hata kuandaa malipo. Kila wakala, husemwa, huacha daftari la matendo yake. Wapo watumishi ambao wakionyeshwa daftari hilo huridhika papo hapo. “Mfumo umeandika,” husema, na mjadala hufungwa. Hiyo ni kasumba, tena ya hatari.

Uingereza imekwisha kuonja matunda yake. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya waendeshaji 900 wa ofisi ndogo za posta walitiwa hatiani kwa wizi na hesabu za uongo, kwa ushahidi uliotegemea mfumo wa Horizon wa kampuni ya Fujitsu. Wengine walifungwa. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya huko ikaamua kwamba mfumo ulikuwa na kasoro, na kwamba watumishi wa Fujitsu waliweza kubadili hesabu za tawi bila mwenye tawi kujua. Mwaka 2024 ikalazimu Bunge litunge sheria ya kufuta hukumu hizo kwa mkupuo. Na Julai 2025, huko Marekani, wakala wa kampuni ya Replit alifuta hifadhidata aliyokatazwa kuigusa, kisha akadai kwa uongo kwamba haiwezi kurejeshwa. Shahidi wa namna hiyo hawezi kuachiwa ajiandikie ushahidi wake mwenyewe.

Wataalamu wanayo dawa. Kila ingizo la daftari hupigiwa hesabu inayotoa alama fupi iitwayo hashi. Ile ya SHA-256 huandikwa kwa tarakimu na herufi 64. Alama ya ingizo la kwanza huingizwa katika hesabu ya la pili, ya la pili katika la tatu, na kuendelea. Anayebadili kilo 80 kuwa 60 katika ingizo la kumi huvuruga alama zote zinazofuata.

Hapa ndipo wauza mifumo hunyamaza. Mwenye kushika mnyororo wote peke yake aweza kubadili ingizo la kumi, akakokotoa upya alama zote hadi ya mwisho, au akazikata kurasa za mwisho. Daftari litaonekana safi. Kumwomba mwenye mfumo athibitishe mfumo wake ni kumpelekea ngedere kesi ya nyani.

Kwa hiyo alama ya mwisho hapana budi itoke nje. Stuart Haber na W. Scott Stornetta, walioandika juu ya mnyororo huo mwaka 1991, kampuni yao ilianza mwaka 1995 kuchapisha alama kila wiki katika gazeti la New York Times. Gazeti likishasambaa, nani atakayekusanya nakala zote azigushi?

Bungu haihitaji gazeti la New York. Alama ibandikwe kila jioni katika ubao wa ghala, na iingizwe katika muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, unaposomwa mapato na matumizi kila miezi mitatu. Nakala iende kwa mkaguzi. Naye mwalimu wa hisabati, kwa programu isiyotoka kwa muuzaji, aikokotoe upya na kuilinganisha.

Watasema ni gharama. Gharama ya mstari mmoja wa wino? Watasema wananchi hawaelewi. Haya ni majivuno ya kirasimu. Mkulima anayejua kusoma mizani aweza kulinganisha alama mbili.

Hata hivyo, mnyororo haugeuzi uongo kuwa kweli. Karani akiandika 60 badala ya 80 tangu mwanzo, hashi itaulinda uongo huo kwa uaminifu mkubwa. Kwa hiyo stakabadhi ya karatasi ibaki, mizani ikaguliwe, na daftari la wakala liandikwe na chombo kingine ambacho wakala hawezi kukigusa.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inataka mahakama, inapopima uzito wa kumbukumbu za kielektroniki, izingatie jinsi zilivyotunzwa na ukamilifu wake ulivyolindwa. Mtumishi anayesubiri swali hilo kizimbani amechelewa. Aliulize leo, kabla ya kutia sahihi ya kupokea mfumo: alama ya mwisho iko mikononi mwa nani? Jibu likiwa ni “kwetu sisi wenyewe,” asitie sahihi.