Kabla ya Nemo, zima pampu

Wacha niseme kitu kitakachowaudhi wenzangu wa kontenti: video zetu za samaki zinaficha nusu ya mambo. Tunawaonyesha kioo kinachong'aa, taa ya bluu na Nemo wawili wakicheza, halafu tunakata kabla kamera haijashuka chini ya meza. Na huko chini ndiko tangi linakoponea ama linakofia. Simnyooshei mtu kidole. Video yangu ya kwanza ilikuwa hivyo hivyo.

Niko Webuye. Kutoka hapa hadi baharini Mombasa ni zaidi ya kilomita 800, kwa hivyo mtu akisikia nafuga samaki wa maji ya chumvi anauliza kama niko sawa. Niko sawa. Tangi langu lina urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 45, yaani lita 243 likijaa hadi mdomoni. Chini yake kuna tangi dogo. Maji yanashuka kutoka juu kwa bomba, yanapita hapo chini yakisafishwa, halafu pampu inayarudisha. Siku nilipoona yanazunguka nilijua nimemaliza kazi.

Usiku mmoja stima ikapotea. Pampu ikanyamaza, lakini maji hayakusimama. Bomba la kurudisha lilikuwa limezama sentimita 6 ndani ya tangi la juu, na pampu ilipozima likageuka kuwa kama ule mpira wa kufyonza petroli: maji yakianza kushuka hayaachi mpaka mdomo wa juu uvute hewa. Piga hesabu. Kila sentimita 1 ya maji kwenye tangi langu ni lita 5.4. Sentimita 6 ni lita 32 na kitu. Tangi la chini lilikuwa limebakisha nafasi ya lita 15. Zile lita 17 zingine zililala kwenye kapeti ya mama.

Kapeti inaanikwa, inakauka. Kilichonitisha ni ekstensheni niliyokuwa nimeilaza sakafuni, na mdogo wangu aliyetoka chumbani peku kuuliza kuna nini. Mama alimshika mkono, akaniambia neno moja tu: "Swichi." Nilienda kuzima swichi kubwa ya nyumba nikitetemeka. Kama dakika kumi hivi baadaye stima ilirudi. Tulijua kwa taa ya jirani.

Tangu siku hiyo msimamo wangu ni huu: usinunue samaki hata mmoja kabla hujajaza tangi maji ya kawaida, ukawasha pampu, kisha ukaizima makusudi na kuona maji yanaishia wapi. Yakitulia, chora alama kwenye tangi la chini. Washa tena, chora alama nyingine. Ile ya pili ndiyo mwisho wa kujaza, milele. Mdomo wa bomba la kurudisha uwe karibu na uso wa maji, na utoboe katundu kadogo chini kidogo ya uso huo ili bomba livute hewa mapema. Katundu hako ukasafishe, kwa sababu konokono mmoja akikalia hapo umerudi kwenye kapeti. Na ekstensheni itundikwe ukutani, waya ukining'inia chini kidogo kabla ya kufika kwa soketi, ili tone la maji lidondokee sakafu badala ya kuingia kwenye umeme.

Wapo watakaoniambia ninunue tu vali ya kuzuia maji yasirudi. Iweke ukitaka. Lakini vali ni kifaa kinachopaswa kufunga sawasawa kila siku, ndani ya maji yenye chumvi, mchanga na konokono. Mimi sitaki usalama wa nyumba yetu utegemee kifaa hicho. Nafasi tupu kwenye tangi la chini haina kitu cha kukwama.

Bomba la kushusha nalo lisiwe moja. Weka mawili. La kwanza lina koki, unaipunguza polepole mpaka maji yashuke kimya bila kukoroma. La pili mdomo wake uko juu kidogo kuliko la kwanza, linakaa karibu kavu, na halina koki kabisa. Hilo ni la dharura: jani la mwani likiziba la kwanza, la pili lazima liweze kubeba maji yote peke yake. Na vile vikasha vya kutundika mdomoni mwa tangi, vinavyovuta maji kwa kufyonza? Kwa mji ambao stima huja na kwenda, sivipendi. Hewa ikiingia wakati pampu imezima, stima ikirudi pampu inapandisha maji na hakuna yanayoshuka. Afadhali utoboe kioo kabla ya kujaza, ukishahakikisha si kioo kilichokazwa kwa moto, maana hicho kikiguswa na drili kinasambaratika.

Sasa hiyo nafasi ya chini, usiipoteze yote kwa pampu. Tenga chumba kimoja maji yapite taratibu, weka taa na mwani mwembamba unaofanana na stilwuli ya kusugulia sufuria. Wenyewe wanakiita refujiumu. Mimi nakiita kimbilio, na nililielewa wazo hilo kwa kufikiria Saiwa Swamp pale karibu na Kitale, mbuga ya taifa ndogo kuliko zote Kenya, ambapo sitatunga wanajificha kwenye majani ya kinamasi. Kinamasi kinaficha wanyonge na kinachuja maji kwa wakati mmoja. Chumba chako cha mwani kinafanya vivyo hivyo. Vijidudu vidogo vya maji vinazaana humo bila kuliwa, kisha vingine vinapanda juu na kuwa chakula cha samaki. Taa yake iwashe usiku, taa ya juu ikizima, ili mwani uvute ile kaboni dayoksaidi inayofanya maji yawe na asidi zaidi gizani.

Lakini kuna jambo ambalo hata wanaoonyesha kimbilio hawalisemi. Chakula unachowapa samaki kinaishia kuwa nitrati na fosfeti, na mwani unazila hizo. Kuzila si kuziondoa. Ni kama nepia: inanyonya mbolea yote ya shamba, lakini isipokatwa inazeeka na kuoza pale pale. Uchafu unatoka nyumbani siku unapong'oa konzi ya mwani na kuitupa nje. Usipovuna, unafuga mapambo.

Mtu atauliza, mbona fujo yote hii kwa samaki wawili? Kwa sababu samaki wengi wa aina hii huvuliwa mmoja mmoja kwenye miamba ya bahari, wengine hapa hapa pwani yetu, wakasafirishwa kwenye mifuko ya plastiki. Hakuna aliyewauliza kama wanataka kuja Webuye. Kama nimewaleta mbali hivyo kwa sababu ya video, bomba la ziada na shimo moja la drili ni kitu kidogo sana cha kuwalipa.

Siku hizi mgeni akija kwetu simwonyeshi Nemo kwanza. Namwonyesha alama mbili kwenye tangi la chini. Na kila Jumamosi anayezima pampu si mimi, ni mama. Anaketi kwenye kiti chake, miguu juu ya kapeti ile ile, anatazama maji yakipanda mpaka kwenye alama na kusimama. Yakisimama ndipo anaamka kuweka chai.