Moyo Hausubiri Treni ya Dar

KIJANA wa Ng'ambo, Kanyenye au Cheyo, sikia. Mzee akianza kushika kifua kila akipanda baiskeli, ukoo unakaa kikao, na siku hizi kikao kina majibu mawili. Mjomba mmoja anasema kiuzwe kiwanja, mzee apelekwe Dar, ikibidi India, akazibuliwe mishipa. Mwingine ana chupa aliyoinunua stendi, eti kitunguu saumu na tangawizi vitazibua mshipa kwa wiki mbili. Wa kwanza anaweza kuufilisi ukoo bure. Wa pili anaweza kumuua mzee.

Mshipa wa moyo huziba kwa namna mbili, na hapo ndipo watu wanapochanganya mambo. Kuna kuziba kwa polepole: mafuta yanajijenga ukutani mwa mshipa miaka na miaka, mtu anaumwa kifua akijitahidi, akipumzika maumivu yanapoa. Na kuna kuziba kwa ghafla: yale mafuta yanapasuka, damu inaganda juu yake, mshipa unafunga kabisa, na nyama ya moyo inaanza kufa.

Kwa ule wa polepole, hukumu ipo. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti ulioitwa ISCHEMIA, wagonjwa 5,179 katika nchi 37. Nusu walipewa dawa na kuelekezwa namna ya kuishi. Nusu nyingine waliongezewa mtambo: kuwekewa stenti, yaani kijibomba cha waya kinachotanua mshipa, au kupasuliwa na kupandikizwa mshipa mwingine. Baada ya miaka mitatu na ushee, waliokufa upande wa mtambo walikuwa 145. Upande wa dawa, 144. Waliokuwa wakiumwa kifua mara kwa mara walipata nafuu zaidi kwa mtambo, na hilo si dogo, lakini uhai haukuongezeka.

Wenye mshipa mkuu wa kushoto ulioziba, na wale ambao moyo umeshadhoofu sana, hawakuingizwa katika hesabu hiyo. Daktari akisema hao wapasuliwe, msibishane naye. Wengine wote, kabla kiwanja hakijauzwa, ulizeni: mtambo huu utamwongezea mzee siku, au utampunguzia maumivu?

Na "namna ya kuishi" si chupa ya stendi. Mwaka 1990 Dean Ornish wa Marekani alionyesha kuwa mishipa inaweza kufunguka kidogo bila kisu. Kidogo tu, tena kwa wagonjwa wasiofika 50, walioacha sigara na nyama, wakala vyakula vyenye mafuta kidogo sana, wakafanya mazoezi mwaka mzima. Nani kijiweni yuko tayari kwa hayo? Ndiyo maana vidonge vya kushusha lehemu na presha, na aspirini pale daktari anapoiandika, vinakwenda pamoja na miguu.

Miguu, ndiyo. Mji huu ulijengwa kwa miguu. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, kilo 30 hivi begani, safari ya miezi. Hatuwatamani maisha yao. Wengi waliachwa njiani na ndui na njaa. Lakini wewe mjukuu wao unapanda bodaboda kutoka Kanyenye hadi stendi, ukishuka unaagiza chipsi mayai, na mdomoni una sigara.

Hiyo sigara tuiseme vizuri. Tumbaku ya Urambo, Sikonge na Kaliua imesomesha watoto wengi wa mkoa huu, na Serikali inachuma kodi katika kila pakiti. Jani hilo hilo linajeruhi kuta za mishipa na kuifanya damu igande upesi. Anayeacha, ndani ya mwaka mmoja hatari ya kuugua mishipa ya moyo inakaribia kupungua kwa nusu. Hakuna stenti inayokupa bei hiyo.

Sasa ule wa ghafla. Kifua kinabana kama kimekaliwa na gunia, maumivu yanapanda taya au mkono, jasho la baridi linatoka, na kupumzika hakusaidii. Hapo usimtembeze mzee, usimchemshie tangawizi. Mkimbize hospitali. Hapo mtambo unaokoa uhai kweli, na ukiwa mbali, ipo sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda, ambayo nguvu yake ni katika saa za mwanzo.

Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilianza mwaka 2015, na ni jambo la kujivunia. Kabla yake wagonjwa walipelekwa India, na mlalahoi aliijua nafasi yake katika foleni ile. Lakini taasisi iko Dar, zaidi ya kilomita 800 kwa reli kutoka hapa. Moyo uliofungwa hausubiri treni.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Wabunge wa mkoa huu watujibu. Pale Kitete, saa nane za usiku, kipimo cha umeme wa moyo kinafanya kazi, na yupo wa kukisoma? Sindano ile iko stoo au iko kwenye makaratasi? Na vidonge vya lehemu vinafika zahanati za Sikonge, au vinaishia maduka ya dawa ya mjini?